Kusoma upepo kwenye shabaha za mbali: mwongozo kamili, kuanzia bendera mpaka mazigazi

Watu wengi wanaoingia kwenye shabaha za mbali wanamaliza hela kwenye skopu (darubini ya bunduki) na mtutu, wanapima baruti kwa mizani ya sonara, afu ikifika kwenye upepo wanalowesha kidole na kukiinua juu. Ukishavuka yadi 600 hesabu inageuka, bunduki yako inaweza kuwa inapiga vizuri kuliko ya jirani lakini jirani anayejua kutazama bendera atakupita tu. Urefu wa kushuka kwa risasi haubadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, unaweza kuukokotoa nyumbani ukiwa na chai. Upepo hapana, huo unabadilika wakati umeshashika pumzi.

Nitatumia mifano ya Bisley, kule Surrey Uingereza, maana ndo makao ya mchezo huu. Chama chao cha National Rifle Association kilianzishwa 1859, mashindano ya kwanza yakafanyika Wimbledon 1860 na Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza (bunduki ilikuwa imefungwa kwenye kiegemeo, yeye akavuta kamba ya hariri tu, kwa hiyo upepo haukumsumbua sana), kisha 1890 wakahamia Bisley na mpaka leo wako hapo. Pale bunduki ya kawaida ni ya milimita 7.62, ile wengi wanaiita .308, yenye risasi ya greni 155 (kama gramu 10), na vilengeo vya tundu, yaani unachungulia kwenye kitundu, bila skopu, wanapiga mpaka yadi 1000. Namba zote humu ni za hiyo bunduki. Yako ikiwa nyingine namba zitabadilika ila njia ni ileile. Na naongea kuhusu mchezo wa shabaha kwenye uwanja ulioruhusiwa, wenye leseni na msimamizi, sio kwenye shamba la mjomba.

Kwanza elewa upepo unaifanya nini risasi

Wengi wanadhani upepo unaisukuma risasi pembeni muda wote ikiwa hewani, yaani ikiruka sekunde moja na nusu basi imesukumwa sekunde moja na nusu. Sio hivo. Kinachohesabika ni muda ambao risasi *imechelewa* kwa sababu ya hewa. Chukua hii .308 inatoka mtutuni kwa takriban mita 900 kwa sekunde. Kama kusingekuwa na hewa kabisa ingefika yadi 1000 (mita 914) kwa sekunde moja na kidogo. Lakini hewa inaipunguza kasi, inafika baada ya kama sekunde 1.58. Tofauti ni sekunde 0.56 hivi. Sasa upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa ni mita 4.5 kwa sekunde, zidisha na 0.56 unapata mita 2.5. Ndo risasi inavyohamishwa, mita mbili na nusu, kwa upepo ambao ukiwa umevaa shati unauona mzuri tu unakupoza.

Hili lina maana kubwa wakati wa kuchagua risasi. Usikimbilie yenye kasi tu, tafuta ile ambayo hewa haiipunguzi sana, yenye umbo refu lililochongoka. Ndo maana kwenye bunduki ndogo ya .22, risasi za kasi kubwa zinapeperushwa *zaidi* kuliko zile za polepole zilizo chini ya kasi ya sauti. Watu hawaamini mpaka wapige wenyewe, lakini zile za kasi zinapoteza mwendo haraka sana mwanzoni, kuchelewa kwake ni kukubwa.

Kipimo tunachotumia ni dakika ya pembe, MOA, yaani nyuzi moja ukiigawa mara 60. Kwa yadi 100 ni kama sentimita 2.7, kwa yadi 1000 ni kama sentimita 26.6. Vilengeo vingi vya mchezo huu vinasogea robo dakika kila kliki. Kwa upepo kamili (wa ubavuni moja kwa moja) wa maili 10, ile .308 inataka takriban dakika 2 kwenye yadi 300, kati ya 4.5 na 5 kwenye yadi 600, na 9.5 hivi kwenye yadi 1000. Hizo tatu zikae kichwani. Maili 5 ni nusu yake, maili 20 ni mara mbili, huhitaji programu ya simu kwa hilo.

Sasa pima ugumu wake. Duara la pointi 5 kwenye shabaha ya yadi 1000 pale Bisley lina upana wa sentimita 61, yaani kutoka katikati mpaka ukingoni ni 30. Ukikosea upepo kwa maili moja tu, risasi imeenda sentimita 25, bado uko ndani kwa bahati. Ukikosea maili mbili umetoka. Na hapo ni kama wewe na bunduki hamna kosa lolote lingine, kitu ambacho hakipo.

Hatua ya 1: upepo unatoka wapi

Fikiria uso wa saa umelazwa chini, wewe uko katikati, shabaha iko kwenye namba 12. (Naongelea namba zilizoandikwa kwenye saa, sio saa za Kiswahili, maana "saa tatu" inaweza kukupeleka upande mwingine kabisa.) Upepo kutoka namba 3 au 9 ni upepo kamili. Kutoka 2, 4, 8 au 10 ni karibu kamili, kama asilimia 87. Kutoka 1, 5, 7 au 11 ni nusu. Kutoka 12 au 6 hauhamishi risasi pembeni.

Wanaoanza wanaogopa upepo wa ubavuni kwa sababu namba yake ni kubwa. Walengaji wazoefu wanaogopa ule wa mbele na wa nyuma, na wana haki. Angalia: upepo wa maili 10 kutoka namba 3 ukihamia namba 2, umebadilika kutoka kamili kwenda asilimia 87, hiyo ni dakika 1.2 tu, sentimita 33 kwenye yadi 1000. Upepo huohuo ukitoka namba 12 ukahamia namba 1, mzunguko uleule wa nyuzi 30, umetoka sifuri kwenda nusu, dakika 4.7, hiyo ni mita moja na robo! Na unaweza kwenda namba 11 dakika ijayo, ukakupiga upande wa pili. Bendera inayonyooka kuja kwako huku ncha yake inachezacheza kushoto na kulia mwa mlingoti, hiyo ndo siku ya kupoteza pointi. Nitairudia mbele.

Hatua ya 2: una nguvu kiasi gani

Kuna kanuni ya zamani ya bendera: kadiria pembe kati ya mlingoti na kitambaa, gawanya kwa 4, unapata maili kwa saa. Bendera ikiwa imeinuka nyuzi 40, ni maili 10. Inafanya kazi kama pa kuanzia, lakini kila uwanja una kitambaa chake, nyingine nzito nyingine nyepesi, na mvua ikinyesha bendera iliyolowa inaning'inia kama vile hakuna kitu huku upepo unakukata masikio. Kwa hiyo ukifika uwanja mgeni usibishane na bendera za pale, muulize mwenyeji ikinyooka kabisa ni maili ngapi, kisha uhakikishe na risasi zako za majaribio.

Kama hakuna bendera tumia mazingira. Moshi unaelea tu na majani hayatikisiki: maili 1 mpaka 3. Unausikia usoni na majani yanapiga kelele kidogo: 4 mpaka 7. Majani na vijiti vidogo havitulii: 8 mpaka 12. Vumbi na karatasi zinainuka: 13 mpaka 18. Miti midogo yenye majani inayumba yote: 19 na kuendelea, hapo we angalia tu kofia yako.

Vipimo vya mkononi kama Kestrel ni vizuri kwa mazoezi, kwa sababu unakadiria kwanza kwa macho kisha unaangalia ulikosea kiasi gani, na macho yanajifunza. Ila kinapima pale uliposimama tu, hakijui kinachoendelea yadi 500 mbele yako, na mashindano mengine yanakikataza ukiwa kwenye mstari, soma sheria kabla hujakitoa mfukoni.

Hatua ya 3: upepo upi wa kuuamini

Swali la kila siku: wa karibu yangu au wa karibu na shabaha? Upepo wa karibu na mtutu unaigeuza risasi mapema, na pembe hiyo ndogo inaendelea kukua njia nzima, kwa hiyo kwa nguvu ileile una athari kubwa kuliko wa mwisho. Lakini risasi ya yadi 1000 haiendi sambamba na ardhi, katikati ya safari inapanda zaidi ya mita 3 juu ya mstari wa macho, na huko juu upepo una nguvu kuliko kwenye majani ya chini ulipolala wewe. Mi ningesema hivi: kwenye uwanja tambarare wa wazi, tazama bendera za theluthi ya kwanza na za katikati. Zile za kwenye shabaha ziangalie mwisho, mara nyingi upepo pale unazungushwa na tuta la udongo lililo nyuma na bendera zinadanganya. Kama kuna miti upande mmoja basi sehemu iliyokingwa haihesabiki sana, tafuta pengo kati ya miti, hapo ndo upepo unapopita.

Na siku zote tazama upande upepo *unakotoka*. Bendera ya upande unakoenda inakupa habari ya jana. Kama upepo ni wa kushoto, bendera ya kushoto kabisa ikishuka, una sekunde chache kabla ushukaji huo haujafika kwenye mstari wako. Hizo sekunde ndo faida yako yote.

Hatua ya 4: mazigazi

Hapa ndo penye utamu. Yale mawimbi ya joto unayoyaona juu ya lami mchana wa jua kali, yapo pia juu ya nyasi za uwanja, na ukiyatazama kwa darubini unauona upepo wenyewe ukitembea. Hayachelewi kama kitambaa, bendera nzito inahitaji muda kuinuka na kushuka, mazigazi yanabadilika papo hapo.

Chukua darubini ya kukuza mara 20 mpaka 25, zaidi ya hapo yanakuwa uji mtupu. Ilenge kwenye shabaha mpaka ionekane safi, halafu zungusha fokasi kurudi nyuma kidogo, hadi shabaha ianze kuwa na ukungu na mawimbi yaonekane wazi. Umerudisha macho yako katikati ya uwanja, pale risasi inapopita juu, na unachosoma sasa ni upepo wa hapo na sio wa kwenye shabaha. Hii hatua ya fokasi wengi wanairuka, wanabaki wanaangalia shabaha inavyotetemeka na kudhani wanasoma kitu.

Sasa soma. Mawimbi yanapanda wima yanachemka: hakuna upepo wa ubavuni. Yanapanda yakiwa yamelala kidogo upande: maili 1 mpaka 3. Yamelala kama nyuzi 45: 4 mpaka 7. Yanakimbia yamenyooka kabisa kama mto: 8 mpaka 12. Zaidi ya 12 huwezi kutofautisha tena, yanakuwa mstari tu, rudi kwenye bendera. Yanakokimbilia ndiko upepo unakokwenda.

Kuwa makini na kuchemka. Mawimbi yakipanda wima inaweza kuwa upepo umekufa, au unatoka mbele au nyuma moja kwa moja, au, mbaya zaidi, uko kwenye kugeuka kutoka kushoto kwenda kulia. Usifyatue kwenye mchemko hata kama unaonekana mtulivu na unakuita, maana hujui utatokea upande gani. Mchemko huohuo unaweza kukusaidia kwa kitu kingine: kabla ya zamu yako, geuza darubini polepole pembeni mpaka mawimbi yaanze kuchemka, huko ilikoelekea ndiko upepo unakotoka au unakoenda. Ni dira nzuri kuliko bendera.

Weka stendi ya darubini pembeni ya kichwa ili jicho lihamie kwenye darubini bila kuinua kiwiko wala kuvunja mkao. Kama inabidi ujikunje ili uchungulie, hutachungulia, utafyatua tu kwa matumaini.

Hatua ya 5: chagua hali moja, piga ndani yake

Kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka hapa ni hiki. Usijaribu kuufukuza kila upepo unaopita. Upepo una mzunguko wake, unapanda, unakaa, unashuka, unarudi. Fika mapema, kaa nyuma ya mstari dakika 10 au 15 bila bunduki, tazama tu. Uliza: hali ipi inarudi mara nyingi na kukaa muda mrefu? Inafananaje, bendera ya pili kushoto iko wapi, mazigazi yamelala vipi? Hiyo ndo hali yako.

Kisha weka mipaka. Upepo dhaifu kabisa niliouona ungetaka dakika ngapi, na mkali kabisa ngapi? Tuseme kushoto 4 na kushoto 8. Sasa unajua jibu haliwezi kuwa 2 na haliwezi kuwa 11 mpaka hali ya hewa yenyewe ibadilike, na ukijikuta unataka kuweka 11 kwa sababu ya hofu, mipaka inakukatalia. Hali yako uliyochagua iko kwenye 6, weka 6, upepo wa kushoto kilengeo kinaenda kushoto.

Risasi ya majaribio ikiondoka, kabla shabaha haijashushwa, jiambie mwenyewe ilipoondoka kilengeo kilikuwa wapi. Ukweli mtupu. Halafu shabaha inashushwa shimoni, mtu wa kule anaziba tundu na kuchomeka kidude cha kuonyesha risasi ilipopiga, inapanda tena. Tuseme uliondoka katikati, umepiga dakika 1.5 kulia. Ina maana upepo wa kweli ulikuwa 6 jumlisha 1.5, yaani 7.5. Andika 7.5. Sio 6. Hapa walengaji wengi wanavurugika, wanaandika walichoweka, wakati kinachotakiwa ni kile walichopaswa kuweka. Pembeni yake andika neno moja la hali: "bendera nusu", "mawimbi yamelala".

Baada ya risasi tano sita una kitu cha thamani kuliko kipimo chochote, maana maili zenyewe hazina kazi tena. Bendera ikiwa hivi nataka 7, ikishuka hivi nataka 5, basi. Huulizi tena upepo una nguvu ngapi, unauliza umepanda au umeshuka kulinganisha na risasi iliyopita.

Hatua ya 6: kufyatua

Mpangilio uwe uleule kila mara. Weka risasi tayari mapema, ukiwa unasubiri zamu. Tazama bendera, tazama mazigazi, geuza kilengeo, lenga, na kabla ya kufyatua jicho liibe tena sekunde moja kwenye bendera au darubini. Imebadilika? Shusha, anza upya. Pale Bisley mnapokezana wawili watatu kwenye shabaha moja na una sekunde 45 kwa kila risasi, inaonekana kidogo ila inatosha kusubiri mvumo upite kama hukupoteza muda kutafuta risasi kwenye boksi. Usishike shabaha sekunde 15 ukisubiri mkono utulie, upepo uliousoma umeshaondoka.

Mabadiliko madogo ya nusu dakika usigeuze kilengeo, usogeze kulenga tu kama una skopu. Kwa vilengeo vya tundu geuza, maana kulenga pembeni kwa duara kunaharibu umakini. Na ukigeuza, hesabu kliki kwa vidole na kisha *soma namba* kwenye kipimo. Kugeuza upande usio sahihi, hasa upepo unapovuka sifuri kutoka kushoto kwenda kulia, kumeua mashindano ya watu wengi kuliko dhoruba.

Siku ya upepo wa mbele unaochezacheza niliyosema juu, kuna njia mbili. Subiri ncha ya bendera itulie upande mmoja, hata kama ni upande wenye namba kubwa, piga huko tu na uukatae ule mwingine. Au kama muda haukuruhusu, kubali pointi 4 za hapa na pale, usifukuze kila risasi ilikopiga, maana ukigeuza kilengeo kwa ajili ya upepo uliopita utakuwa nyuma ya upepo siku nzima.

Vitu vidogo vinavyojifanya upepo

Mtutu uliosokotwa kulia unaipeleka risasi kulia yenyewe, kwa .308 kwenye yadi 1000 ni karibu dakika moja, hata hewa ikiwa imekufa. Kwa hiyo sifuri yako (pale kilengeo kinapokaa bila upepo) ya yadi 300 sio sifuri ya yadi 1000. Pia upepo wa kulia unapandisha risasi kidogo na wa kushoto unaishusha. Ukiona tundu la risasi limepanda usikimbilie kushusha kilengeo, angalia kwanza kama upepo uliongezeka. Kuzunguka kwa dunia? Achana nako, wanaokiongelea sana kwenye yadi 1000 mara nyingi bado hawajajua kusoma bendera.

Mazoezi bila kufilisika

Chukua .22 na risasi za polepole, shabaha yadi 100. Upepo wa maili 10 unaihamisha karibu dakika 4, kiasi kile ambacho .308 inahamishwa kwenye yadi 500 hivi. Chomeka vijiti viwili vitatu vyenye utepe wa plastiki, kimoja karibu, kimoja katikati, kimoja kwenye shabaha. Kila risasi: kadiria, andika, piga, linganisha. Siku nyingine piga hali *moja* tu, hata ikibidi ungoje dakika tano kati ya risasi, na siku inayofuata piga kila baada ya sekunde 30 upende usipende. Daftari zote mbili zikikaa pamoja utaona vizuri ni upepo wa aina gani unakuzidi, na kwa wengi ni ule unaoshuka, sio unaopanda, kwa sababu bendera nzito inachelewa kushuka na jicho linaendelea kuiamini.